Asije Akawa Kama Hasheem

Wiki iliyopita jirani yangu mmoja aliniletea blenda yake, mota imeungua. Aliiweka mezani, akavuta kiti, akakaa. Nikajua hakuja kwa ajili ya blenda peke yake. Nina kibanda cha ufundi wa redio, televisheni na madishi chini ya mojawapo ya majumba ya Michenzani, na kwa miaka yote niliyokaa hapo watu huniletea vitu vilivyoharibika pamoja na mambo yaliyowashinda.

"Fundi," akasema, "yule mwanangu anakusikiliza wewe. Mwambie auache huo mpira wa kikapu, ashike skuli. Asije akawa kama Hasheem."

Mwanawe ana miaka 17. Urefu wake ni mita 1.96. Nimempima mwenyewe kwa utepe wa chuma, mgongo ukutani, visigino chini. Akipita koridoni hujikunja chini ya kamba za nguo kama mtu anayerukuu.

Nilimjibu mama yake kwamba blenda itakuwa tayari Jumatano. Jawabu la hilo jengine nililimeza, kwa sababu nilikuwa nimepandisha, na fundi aliyepandisha haaminiki hata na kisu cha kulehemu. Sasa nimetulia, naandika.

Maneno hayo nimeyasikia vibarazani zaidi ya miaka kumi, mara nyingi kutoka kwa watu ambao hawajapata kutazama mechi moja ya kikapu mpaka mwisho. Yamekuwa kama zimwi la kutishia watoto. Basi na tuulizane: kuwa kama Hasheem ni kuwaje hasa?

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwezi wa Februari 1987. Alisoma Makongo, akarefuka mpaka mita 2.21, na mpira wa kikapu aliushika akiwa na miaka 15 hivi. Umri huo uwekeni akilini, nitaurudia. Kutoka Dar akapita Nairobi, kisha Marekani, skuli ya sekondari mjini Houston, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Msimu wake wa tatu na wa mwisho alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa kila mechi. Januari 2009, dhidi ya Providence, alipata pointi 15, ribaundi 11 na bloku 10. Kwa asiyeujua mchezo, bloku ni kuukata mpira wa mwenzio hewani kabla haujafika kwenye pete. Mara kumi, usiku mmoja, mtu karuka anajiona keshafunga, na mkono wa kijana wa Dar ukatokea juu yake. Aprili ya mwaka huo chuo chake kikafika nusu fainali ya taifa. Ligi aliyochezea, Big East, ilimtangaza mlinzi bora kwa mwaka wa pili mfululizo.

Mwezi wa Juni NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, ikafanya mnada wake wa kuchagua vijana. Wao wanauita drafti, neno ambalo wenzetu wa Bara walishalipa kazi ya mchezo wa dama, na kwa kweli haviko mbali sana: unasogezwa kwenye ubao, na ubao si wako.

Ule usiku siusahau. New York ilikuwa jioni ya Alhamisi, tarehe 25 Juni 2009. Huku kwetu ilikuwa saa nane na nusu ya usiku wa kuamkia Ijumaa. Nilikuwa juu ya paa na dishi la mteja, eti nalijaribu. Mteja mwenyewe hakujua kama linajaribiwa usiku wa manane, na nadhani leo ndio anajua. Nimeunga kijitelevisheni cha inchi 14, shuka kichwani kwa ajili ya mbu. David Stern, mkuu wa NBA wakati ule, akamtaja wa kwanza, Blake Griffin, anakwenda Clippers. Kisha akasema Memphis Grizzlies wanamchukua wa pili, Hasheem Thabeet, na akasema anatoka Dar es Salaam, Tanzania. Nilipiga kelele peke yangu juu ya paa. Ghorofa ya chini yangu mtu akafungua dirisha akauliza nani kaanguka.

Asubuhi nikashuka barazani nimejaa habari, sijalala. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida ya Ijumaa, kahawa imeisha mapema, wengine wana machozi. Nikaanza: "Jamani, mmesikia?" Wakanijibu: "Tumesikia, Fundi. Inna lillahi." Michael Jackson alikuwa amekufa Los Angeles saa mbili tu kabla ya mnada kuanza. Siku ile hakuna aliyetaka kusikia habari za Hasheem. Mtanzania wa kwanza kuingia NBA, nafasi ya pili kati ya vijana wote wa dunia, na kijiweni petu kaka zangu wanabishana nani anakumbuka kutembea kinyumenyume.

Mambo ya mchezaji huyu na Unguja hayakupata kukaa sawa hata baadaye. Msimu ulianza Oktoba. Desemba 2009 njia ya umeme kutoka Bara ikaharibika na kisiwa kizima kikaingia kizani mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Wenye umri wanakumbuka: mishumaa, ndoo za maji kupandishwa ghorofa ya tano, samaki kuuzwa kwa bei ya kutupa kabla hawajaoza. Mimi niliishi kwa jenereta dogo la kuchajia simu, shilingi mia tano kwa simu moja, na foleni ilizunguka nguzo. Sehemu kubwa ya mwaka wake wa kwanza, ule ambao kijana huonekana ni chuma au ni bati, sisi hatukuiona. Mwishoni mwa Februari Memphis wakampeleka Dakota Wizards, ligi ya chini ya maendeleo, kwenye baridi ya Dakota Kaskazini. Mpaka siku ile hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kama yeye aliyekuwa ameteremshwa huko. Umeme uliporudi Machi, habari ilitufikia ikiwa imeshapikwa na kuungwa: Hasheem kafeli.

Basi tukaichukua hivyo hivyo, ya moto, bila kuuliza nani kaipika.

Mimi nilikuja kuzitazama mechi zake baadaye, moja moja, kwenye rikodi. Ufundi unafundisha kitu kimoja: usiseme kitu kimekufa kabla hujajua kimekufa wapi. Niliyoyaona ni haya. Miguu ilikuwa inachelewa nusu hatua. Akikaa chini ya pete akisubiri, alikuwa mlima. Akitolewa nje kumfuata mtu mwepesi, alikuwa mlima vilevile, na mlima haukimbii. Mpira akiletewa chini kiunoni ulimponyoka. Wenye vifua vipana walimsukuma polepole, bila faulo, mpaka akajikuta yuko nyuma ya ubao. Kila mara alipochelewa alinyosha mkono, na refa akapuliza. Halafu mbele yake pale Memphis alikuwapo Marc Gasol, Mhispania aliyekulia katika nyumba ya kikapu, kaka yake Pau alishakuwa bingwa wa NBA. Gasol hakuwa na kimo cha Hasheem. Alikuwa na miaka kumi zaidi ya kuushika mpira.

Ndipo narudi kwenye ule umri. Miaka 15 kuanza, miaka 22 nafasi ya pili duniani. Miaka saba tu hapo katikati! Mpelekeni mtoto chuoni kusoma Kurani akiwa na miaka 15, kisha akiwa na 22 mwambieni aongoze tarawehe msikiti mkubwa, juzuu nzima kwa moyo, na nyuma yake wamejipanga waliohifadhi tangu wana miaka mitano. Atakwama. Mtasema hana akili?

Watu wa barazani hupenda kunikata hapo: "Lakini Fundi, Stephen Curry mwaka ule alikuwa wa saba!" Ndiyo. James Harden wa tatu, Curry wa saba. Ila hakuna anayejichagua mwenyewe. Aliyeacha dhahabu akachukua shaba ni mnunuzi. Minnesota walichagua mara mbili mfululizo, wa tano na wa sita, wote wawili wagawaji wa mpira kama Curry, na Curry wakamwacha. Wa sita alikuwa Jonny Flynn. Mwaka 2012 Flynn na Hasheem walipakiwa pamoja kutoka Houston kwenda Portland kubadilishwa na mzee Marcus Camby. Wa pili na wa sita wa mwaka mmoja, kifurushi kimoja. Kwa Flynn sijasikia mtu yeyote duniani anayewatishia watoto.

Sasa nije kwa Waserbia, maana wao ndio walionifungua macho.

Siku zile zile Memphis walipomchukua Hasheem, walikuwa wanampeleka New York mchezaji wao mrefu aliyewashinda. Anaitwa Darko Miličić, Mserbia. Mwaka 2003 Detroit walimchagua wa pili, nyuma ya LeBron James, mbele ya Carmelo Anthony, Chris Bosh na Dwyane Wade, wiki moja tu baada ya kutimiza miaka 18. Kwa hiyo nafasi ya pili ilitoka mlango mmoja, nafasi ya pili ikaingia mlango wa pili. Miličić alikaa benchi Detroit akapata pete ya ubingwa 2004 karibu bila kucheza, akahama timu baada ya timu, akamaliza na mechi 468 kwa wastani wa pointi 6. Marekani walimcheka kuliko walivyomcheka Hasheem. Akarudi kwao kulima matunda karibu na Novi Sad, matofaa na mengineyo, na nikiona picha zake shambani naona mtu aliyenenepa kwa raha zake.

Je, baada ya Miličić Serbia walifunga duka? Mwaka 2014 kijana mnene wa mji mdogo wa Sombor, Nikola Jokić, alichaguliwa wa 41, na jina lake lilipopita kwenye televisheni ya Marekani palikuwa na tangazo la biashara la chakula. Hawakumtoa kwao mbio. Akabaki mwaka mzima zaidi na klabu ya Mega huko huko Serbia, ndipo akaenda Denver. Akawa mchezaji bora wa NBA 2021, 2022 na 2024, na bingwa 2023. Miguu yake haikimbii, haruki, ila mikono ilianza kazi utotoni. Timu yao ya taifa ilipata medali ya fedha ya Kombe la Dunia 2014 na 2023, fedha ya Olimpiki 2016, shaba ya Paris 2024. Nchi hiyo ina watu milioni 6.6. Sisi Tanzania kwa sensa ya 2022 ni milioni 61.7, Zanzibar peke yetu hatufiki milioni mbili.

Serbia ilimudu kupoteza Miličić kwa sababu nyuma yake walikuwa mia. Tanzania ilikuwa na Hasheem, na nyuma ya Hasheem palikuwa na Hasheem. Tulimpa kijana wa miaka 22 mzigo wa taifa zima, hatukumlipia hata mpira mmoja wa utotoni, kisha alipoinama tukasema kumbe hana mgongo.

Hao mia hawakuota. Baada ya vita, mwaka 1945 na kuendelea, Belgrade ilikuwa na vijana wanne, Nebojša Popović, Bora Stanković, Radomir Šaper na Aleksandar Nikolić, waliocheza kikapu kwenye kiwanja cha wazi ndani ya ngome ya Kalemegdan, kisha wakageuka kuwa waalimu, viongozi, watunga mafunzo. Nikolić walimwita Profesa. Stanković aliongoza shirikisho la dunia, FIBA, kutoka 1976 mpaka 2002, na ni wakati wake Wamarekani wa NBA waliporuhusiwa kwenye Olimpiki. Wanne hao walizalisha makocha, makocha wakazalisha makocha, na mpaka leo ukimkuta kocha mkali wa Ulaya anafoka kandoni mwa uwanja, muulize kwao wapi.

Na kuna picha moja. Nilikuwa natafuta mchoro wa saketi kwenye simu, nikapotea njia, nikafika kwenye picha za Novi Beograd, mji mpya wa Belgrade ulioanza kujengwa 1948. Nilidhani ni Michenzani. Wallahi. Majengo marefu yamelala kama mabehewa, madirisha sare, nguo zinaning'inia, rangi imechoka. Hata majina: wao huyaita bloku na kuyapa namba kama sisi tunavyosema Jumba Namba 1, Namba 2. Ya kwetu walichora Wajerumani wa Mashariki, zama za Mzee Karume baada ya Mapinduzi, na wazee wetu wakabeba matofali kwa kujitolea, na watu wakayaita treni kwa urefu wake. Fikra ya kuyajenga ni ndugu moja. Lakini pale Belgrade, kati ya treni na treni, pamewekwa saruji, nguzo na pete. Mtoto anashuka ngazi amevaa kandambili, mpira uko chini. Akikosea hatukanwi na Marekani nzima, hutukanwa na kaka yake.

Kati ya treni zetu kuna gari, mabanda (langu likiwamo, nakiri), biashara za urojo, na watoto wanaocheza soka la mpira wa soksi wakikwepa bajaji. Sisemi mji huu hauna kikapu. Vijana wanacheza, klabu zipo, siku za mechi kelele zinasikika. Ninachosema ni kwamba yule kijana wa mita 1.96 alianza kucheza akiwa na miaka 15, kwa sababu hapo ndipo alipoonekana kuwa mrefu na mtu akamwambia "wewe mrefu, nenda kikapu". Tumemkuta kwenye umri ule ule tuliomkuta Hasheem. Baada ya yote, hatujasogea hata mwaka mmoja.

Watu huniambia mchezo huu si wa kwetu. Miji inayosema Kiswahili imeshafika NBA zaidi ya mara moja. Bismack Biyombo ni wa Lubumbashi, alichaguliwa wa saba 2011. Jonathan Kuminga ni wa Goma, wa saba pia, 2021. Sudan Kusini, nchi changa kuliko mashine nyingi zilizopo kibandani kwangu, ilikwenda Olimpiki ya Paris baada ya Luol Deng kuibeba timu kwa mfuko wake na jina lake. Kabla ya michezo waliwafikisha Wamarekani mpaka 101 kwa 100 pale London. Katika makundi wakakutana na Serbia, wakafungwa 96 kwa 85. Tofauti ya pointi 11 tu, mbele ya Jokić.

Na Hasheem mwenyewe? Tumhesabie kama tunavyomhesabia mtu yeyote aliyesafiri kutafuta riziki. Memphis, Houston, Portland, Oklahoma City alikokaa misimu miwili pamoja na Kevin Durant na Russell Westbrook. Mechi 224 za NBA, wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7. Ni kidogo, sipambi. Mlango wa NBA ulipofungwa angeweza kurudi akakaa akisimulia. Akaenda Yokohama, Japani, akacheza. Akarudi ligi ya chini ya Marekani, Fort Wayne, yuko na miaka 32 kati ya vijana wa 23, akacheza. Mwaka 2020 akaenda Hsinchu, Taiwan, akacheza. Zaidi ya miaka kumi baada ya ule usiku wangu wa paani, mtu yule alikuwa bado anaamka asubuhi anafunga viatu, katika nchi ambayo hakujua hata kuagiza chai. Mtaani petu nina marafiki walioacha kazi kwa sababu bosi aliwasalimia vibaya.

Kwa hiyo Jumatano jirani yangu alipokuja kuchukua blenda nilimwambia: "Dada yangu, mwanao akisoma ni vizuri, na asome. Lakini akija kuwa kama Hasheem, mimi nitachinja mbuzi." Akanitazama kama anayejuta kunipa kazi. Akasema, "Fundi, wewe huna mtoto mrefu," akalipa, akaenda zake. Hajanisalimia tena, na mimi simlaumu. Hofu ya mama siwezi kuitengeneza kwa solda.

Jioni kijana akaja. "Shikamoo, Ami. Mama kakwambia nini?" Nikamwambia mama yake anataka asome. Akaitikia kwa kichwa. Kisha nikachukua utepe, chokaa na ngazi ya kukunja, tukaenda upande wa ukuta usio na dirisha. Pete ya kikapu hukaa mita 3.05 kutoka chini na upana wake ni sentimita 45. Nikapima, nikachora mstari. Wadogo sita au saba wakasogea kutazama, mkubwa wao labda ana miaka minane, mmoja kashika mkate wa mofa. Kijana akarudi nyuma hatua nne, akaja, akaruka, kiganja kizima kikapiga juu ya chokaa. Wale wadogo wakapiga yowe, kila mmoja akataka ainuliwe ajaribu.

Ghorofa ya tatu dirisha likafunguka, na mama yake akauliza nani huyo anagonga ukuta.